Barua ya wazi kwa viongozi wa chama na wakandarasi wa umeme: fundi mzee akitaka kuhama upande, mwacheni ahame na ujuzi wake

Ndugu viongozi wa chama, ndugu wakandarasi, na ninyi mnaokaa kwenye kamati za mafunzo,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi umeme, mwanachama wa IBEW, chama cha wafanyakazi wa umeme, hapa Marekani, na umri wangu umeshapita hamsini. Ninaandika juu ya jambo ambalo mafundi tunalijadili kila siku wakati wa chakula, lakini kwenye mikutano ya tawi hupitwa harakaharaka. Fundi aliyekula chumvi nyingi akitaka kuhama, ama kutoka majengo ya biashara kwenda majumbani, ama kutoka majumbani kwenda majengo ya biashara, hapati njia. Hakuna sheria inayomkataza. Kinachomzuia ni mazoea, tofauti ya ujira, na makaratasi ya pande mbili ambayo hakuna aliyewahi kukaa akayaoanisha.

Nakala ya Kiingereza nimeiacha kwenye ofisi ya tawi langu. Hii ya Kiswahili ni ya wenzangu, kwa sababu wengi wetu tuliingia kwenye kazi hii tukiwa tayari watu wazima wenye familia, na swali la utamalizia wapi miaka yako ya kazi linatufikia mapema kuliko linavyomfikia aliyeanza na miaka kumi na minane.

Kwa asiyejua mambo yetu: chama hiki kilianza 1891 mjini St. Louis, na kwa miaka mingi mishahara na mafunzo yetu yamepangwa mezani pamoja na wakandarasi, ambao umoja wao wa NECA ulianzishwa 1901. Fundi wa majengo, yule anayetandaza umeme kwenye hospitali, viwanda, shule na maghorofa ya ofisi, hupitia uanagenzi wa miaka mitano na saa zipatazo 8,000 za kazi. Fundi wa majumbani kwa kawaida husoma miaka mitatu. Huyu ana mkataba wake wa hali bora, ujira wake wa saa, na foleni yake ya kusubiri kazi. Mkataba huo uliwekwa chini kwa sababu inayoeleweka: kwenye nyumba za kuishi wakandarasi wasio na chama walikuwa wametuzidi, na bila kushusha gharama tusingepata hata pa kuanzia. Sina ugomvi na historia hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba tulijenga vyumba viwili ndani ya nyumba moja tukasahau kuweka mlango katikati.

Nianze na wanaotoka maghorofani. Kazi ya majengo makubwa hufanyika juu ya kichwa. Paipu za kupitishia waya zinafungwa kwenye dari, trei za kebo zinapita juu ya mabomba ya maji na mikondo ya hewa, na fundi anashinda mikono ikiwa juu, shingo imekunjwa, miguu kwenye jukwaa linalotikisika. Ukikaribia miaka sitini, bega hukueleza mambo kabla ya daktari. Halafu miradi yenyewe haikufuati ulipo, wewe ndiye unayeifuata. Jengo likiisha unarudi kwenye orodha, unaitwa kwingine, saa moja na nusu barabarani kwenda na saa moja na nusu kurudi, na ukikuta ni kituo cha data basi ni zamu za saa kumi. Mtu huyu akisema sasa anataka kazi za kuitwa majumbani, abadilishe bodi za breka, zile swichi zinazokata umeme ukizidi, afunge chaja za magari ya umeme, atafute kwa nini nusu ya jiko haina umeme, wenzake wanamwambia ameshuka. Na mkataba nao unamwambia hivyo hivyo, kwa lugha ya ujira wa saa.

Wanaosema kazi ya majumbani ni ya kupumzikia, nawaomba wakaingie darini mwezi wa saba, katikati ya joto la kiangazi cha huku. Au watambae kwenye uvungu wa nyumba wakiburuta kebo, uso unasugua buibui. Magoti ndiyo yanayolipa: soketi ziko chini, kwa hiyo fundi anapiga magoti chumba hadi chumba. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wakandarasi wanaompokea mzee wa miaka hamsini na nane kisha wanamtupa kwenye mtaa mpya wa nyumba mia akatoboe nguzo za mbao sambamba na vijana. Pale bei imekatwa kwa nyumba, na anayelipwa kwa mbio atamshinda anayelipwa kwa akili. Kazi inayomfaa ni ya matengenezo na ya kutafuta hitilafu, gari lake, vifaa vyake, mteja mmoja baada ya mwingine.

Lakini hata hiyo haitaki ubabe wa uzoefu tu. Namjua mwenzangu mmoja aliyefanya zaidi ya miaka thelathini ya hospitali na majengo marefu, mtu wa kuheshimika, anayesoma michoro kama gazeti. Alihamia majumbani. Katika wiki zake za mwanzo alitumwa kwenye nyumba ya zamani ambako vyumba vya kulala vilikuwa vimefungiwa breka mpya, zile zinazokata umeme zikisikia cheche au uvujaji. Kila taa ya korido ikiwashwa, breka ya chumba cha kulala inaruka. Akapima ukinzani wa waya, safi. Akabadilisha breka, ikaruka tena. Akafungua soketi zote za chumba kile, moja baada ya nyingine, akitafuta waya uliochubuka. Hakuna.

Kosa lilikuwa kwenye boksi la swichi la korido, mahali ambapo hakuwa na sababu ya kupashuku. Saketi mbili zinaingia humo, na fundi wa zamani alizisokota nyutro zote, yaani waya za kurudishia umeme, pamoja chini ya kofia moja ya kuungia waya. Kwa breka za kawaida mchanganyiko huo unaweza kukaa miaka arobaini bila mtu kujua. Breka mpya inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Taa ya korido ikiwaka, sehemu ya umeme wake inarudi kupitia nyutro ya chumba cha kulala, hesabu haikubali, breka inakata. Alipozitenganisha nyutro, kila kitu kikatulia. Nusu ya siku ilikuwa imeisha. Kijana aliyelelewa majumbani angefungua boksi lile la kwanza kabisa, na si kwa kuwa anajua umeme kuliko mzee yule. Anajua nyumba zinavyougua.

Ukiangalia kanuni zenyewe utaona kwa nini. Kanuni ya taifa ya umeme, NEC, ilitoka mara ya kwanza 1897 na siku hizi hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu. Toleo la 1999 ndilo lililoleta breka za kuzuia cheche kwa vyumba vya kulala, zikaanza kulazimishwa 2002, na matoleo ya baadaye yakazipeleka hadi sebuleni na jikoni. Toleo la 2008 likaleta soketi zenye vizibo vya ndani ili mtoto asichomeke msumari. Fundi aliyefunga nyumba mara ya mwisho akiwa mwanagenzi kwenye miaka ya tisini akirudi leo ni mgeni. Na hapo hatujagusa nyumba za kati ya 1965 na 1973, ambazo nyingi zilifungwa waya wa alumini. Alumini inatanuka na kusinyaa kuliko shaba, inajenga kutu yake nyeupe, skrubu inalegea, kiungo kinapata moto. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani imesema nyumba zenye waya wa alumini uliotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na viungo vilivyofikia hali ya hatari ya moto, zikilinganishwa na zile za shaba. Mzee wa maghorofani anaijua alumini ya nyaya nene za kuingizia umeme jengoni, ambayo ni aloi nyingine na hufungwa kwa namna nyingine. Akiichukulia hii ya nyumbani kama ile, ataacha moto ukutani.

Hayo yote yanafundishika. Ni masomo ya jioni ya wiki kadhaa, na siku chache za kukaa kwenye gari na fundi wa majumbani. Kamati za mafunzo zina madarasa, zina walimu, zina mbao za mazoezi. Zinachokosa ni agizo la kuandaa somo kwa mtu ambaye tayari ana kadi ya fundi kamili.

Sasa upande wa pili, ambao nadhani unaumiza zaidi, kwa sababu anayehama huku anapoteza pesa na heshima kwa pamoja. Fundi wa majumbani mwenye miaka arobaini na saba anataka kuingia majengo ya biashara. Sababu zake ni za kawaida: ujira ni mkubwa zaidi, bima ya afya mara nyingi ni bora, mchango wa pensheni ni mnono, na amechoka na uvungu. Katika matawi mengi anaelekezwa kwenye uanagenzi. Aanze moja, au akibahatika aingizwe mwaka wa pili, kwa ujira ambao mara nyingi unaanzia karibu na nusu ya ule wa fundi kamili, akae dawati moja na watoto wa rika la mwanawe, afundishwe sheria ya Ohm. Mtu ana rehani ya nyumba na mtoto chuoni. Atakubali vipi?

Sisemi kwamba hana la kujifunza. Analo, tena la hatari. Nyumbani amezoea volti 120 na 240 za njia moja. Jengoni atakutana na umeme wa njia tatu, volti 480 kati ya fezi na fezi, yaani kati ya waya mbili zenye moto, 277 kati ya fezi na nyutro, na taa za ofisini ndizo zinazotumia hiyo 277. Mazoea ya kubadilisha swichi bila kuzima, ambayo wapo majumbani wanaojivunia nayo, yatamuua huku. Kuna vidhibiti vya mota, kuna mifumo ya kengele za moto, kuna michoro ya kurasa mia mbili.

Na kuna paipu. Nimesimama na mmoja wao siku ya kwanza alipopewa benda ya mkono, kifaa cha kukunjia paipu, na paipu ya robo tatu inchi, akaambiwa aikwepeshe boriti iliyojitokeza inchi 4. Alikuwa amefunga nyumba zisizo na idadi kwa kebo laini inayopinda kwa kidole, na hapo akasimama akaitazama paipu kama imemtukana. Nikamwonyesha. Ukikunja kwa nyuzi 30 unazidisha kimo mara mbili, kwa hiyo alama zako zinaachana inchi 8. Kisha unakumbuka kwamba paipu itafupika robo inchi kwa kila inchi unayokwepa, kwa hiyo hapa itafupika inchi 1, na alama ya kwanza inabidi uisogeze mbele kiasi hicho. Ukunje la kwanza, uigeuze paipu nusu mzunguko, ukunje la pili, na usiruhusu mstari uyumbe, la sivyo inatoka imejipinda kama mkia wa mbwa. Paipu zake tatu za kwanza zilikwenda kwenye chuma chakavu. Ya nne ikakaa. Hesabu alikuwa ameielewa papo hapo, kwa kuwa kichwa chake kimezoea kazi, na mkono wake ukatulia ndani ya wiki chache. Niambieni ni kipi hapo kilichohitaji miaka mitano.

Tena mstari huu kati ya nyumba na jengo hauko sawa hata hapa hapa nchini. Chicago kanuni zao zinataka waya upite ndani ya paipu za chuma hata kwenye nyumba za kuishi. Fundi wa majumbani wa huko anakunja paipu tangu siku ya kwanza.

Kuhusu saa za kazi, majimbo nayo yameshatoa mwanga. California inataka saa 8,000 kwa fundi wa jumla na 4,800 kwa fundi wa majumbani. Texas ni 8,000 na 4,000. Na California, katika kuhesabu zile 8,000 za fundi wa jumla, inakubali hadi saa 3,000 ziwe za kazi za majumbani. Kwa hiyo serikali ya jimbo inamwambia fundi kwamba jasho lake la nyumbani linahesabika, kisha tawi la chama chake mwenyewe linamwambia halihesabiki. Kama kuna mtu anaweza kunieleza mantiki hiyo, niko tayari kumsikiliza.

Umri nao usitumiwe kama kisingizio cha chinichini. Sheria ya 1967 inayolinda wafanyakazi wenye miaka 40 na zaidi ilikuwa zamani inaziacha programu za uanagenzi nje, lakini tangu 1996 msamaha huo uliondolewa. Hakuna anayeruhusiwa kuweka ukomo wa umri mlangoni. Najua hakuna kamati inayoandika hivyo. Nazungumzia ule usaili ambao mzee anaulizwa mara tatu kama ana uhakika goti lake litaweza.

Kwa wakandarasi nina moja la wazi. Mikataba mingi ya mafundi wa majengo ina kifungu cha siku nyingi kisemacho kwamba kwenye kazi yenye mafundi watano au zaidi, angalau kila fundi wa tano, akipatikana, awe na miaka 50 au zaidi. Kifungu kizuri. Waliokiandika walijua kwamba bila kulazimishwa mtachukua vijana watupu. Lakini lile neno "akipatikana" limekuwa tundu la kutorokea, na sijawahi kumsikia msimamizi akiulizwa anathibitishaje kwamba hakupatikana. Mawakala wa chama, hilo ni lenu pia. Na kwa nini kifungu kama hicho kisiwe kwenye kila mkataba wa majumbani, upande wa matengenezo, ambako mzee anafaa kuliko kijana? Mteja anayefunguliwa mlango wa bodi yake ya breka na kuelezwa kwa utulivu kwa nini chaja ya ampea 48 inataka breka ya ampea 60 atawaita tena. Utulivu huo vijana wataupata, ila bado.

La pensheni nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalowatia watu hofu wasithubutu kuhama. Mfuko wetu wa kitaifa, NEBF, uliozaliwa na makubaliano ya 1946, unachangiwa na mwajiri asilimia 3 ya ujira ghafi. Huo mara nyingi unakufuata ukihama. Tatizo liko kwenye mifuko ya kimaeneo, ambako mchango kwa saa umepangwa na mkataba unaofanyia kazi, na wa majumbani kwa kawaida ni mdogo. Miaka yako ya mwisho, ambayo ndiyo ungependa ikuwekee akiba zaidi, inakuwa miembamba.

Halafu kuna waliokwisha kustaafu. Chini ya sheria ya pensheni ya 1974, ile ya ERISA, mfuko wa waajiri wengi unaruhusiwa kusimamisha malipo ya mstaafu anayefanya saa 40 au zaidi kwa mwezi katika sekta ileile, ufundi uleule na eneo lilelile la mfuko. Saa 40 ni wiki moja tu. Kwa aliyestaafu mapema, masharti ya mfuko yanaweza kuwa makali zaidi. Namjua mstaafu aliyedhani kwamba kwa kuwa alistaafu kama fundi wa majengo, kumsaidia mkandarasi kubadilisha bodi za majumbani ni kazi nyingine. Mfuko wake haukuiona hivyo. Barua ya kusimamishiwa malipo ilimfikia kama sheria inavyotaka, lakini hakuna aliyemweleza chochote siku anajaza fomu za kustaafu, ambapo ukurasa mmoja wa lugha nyepesi ungetosha. Sijui ni kwa nini ofisi zetu zinaogopa lugha nyepesi.

Ninachoomba ni hiki. Kila tawi liwe na somo la kuvukia, pande zote mbili, fupi, la jioni, na mtihani mwishoni wa mikono na wa kanuni. Anayetoka majumbani apimwe anachojua na apangiwe pale anapostahili, hata kama ni mwaka wa nne, na ujira wake usishuke chini ya alioacha. Anayetoka majengoni kwenda matengenezo ya majumbani abaki na mchango wa pensheni wa mkataba wake wa zamani, angalau akishakuwa na miaka ishirini ya uanachama. Wakandarasi mtasema gharama itapanda. Itapanda kidogo. Linganisheni na gharama ya kuitwa mara tatu kwenye nyumba ileile kwa sababu mliyempeleka hakuwahi kufunzwa kuitafuta nyutro iliyochanganywa, au gharama ya bima siku fundi wa majumbani anapogusa 277 akidhani ni 120.

Na msituambie kwamba hili linasubiri mazungumzo ya mkataba ujao. La pensheni na la ujira, sawa, yanataka meza. Somo halitaki meza. Kamati ya mafunzo inaweza kuliamua kwenye kikao chake cha kawaida, na walimu wenyewe wapo: waulizeni wale wenye nywele za mvi kwenye orodha ya kusubiri kazi ni nani kati yao angependa kufundisha.

Hoja hii nimeiandika rasmi na kuiweka sahihi yangu, pamoja na sahihi za wenzangu wa pande zote mbili. Tunaomba isomwe kwenye mkutano wa tawi ikiwa nzima, isifupishwe na karani, na tupewe jibu kwa maandishi: somo litaanza lini, nani atalisimamia, na kama jibu ni hapana, majina ya waliopiga kura ya hapana.

Wenu katika chama,

Fundi umeme, mwanachama wa tawi